Mjukuu wa Kitanda cha Dirishani

Jumapili, tarehe 5

Nimefika. Mji ni mkubwa kuliko nilivyodhani, na hakuna aliyekuja kunipokea. Dada alimwambia shemeji aje stendi. Shemeji anasema alijua nafika kesho. Sanduku limekatika mpini. Si neno.

Niandike hali ilivyo, ili siku nikiwa muuguzi mkuu nikumbuke nilikoanzia. Nimehitimu uuguzi. Hospitali kubwa ya hapa inataka muuguzi wa wodi ya wanaume. Mmoja tu! Usaili ni Ijumaa. Nikikosa, baba ameshapitisha uamuzi: narudi nyumbani kuchanganya rangi kwenye duka la baba mdogo. Baba mdogo amekwisha kunishonea koti la kazi, na jina langu kifuani. Lile koti sitaki hata kuliona.

Nimesafiri na mwenzangu wa darasani. Chuoni tulimwita Taratibu, maana hata kunawa mikono ananawa mpaka wagonjwa wanapona wenyewe. Naye anaitaka nafasi hiyohiyo. Njia nzima alikuwa anasoma vitabu vyake. Mimi nilikuwa nafikiri. Alinishinda mitihani yote isipokuwa mmoja, kutandika kitanda. Hapo sina mpinzani. Pembe za shuka langu ukiziona utadhani zimepigwa pasi.

Dada amenipa kitanda katika chumba cha wapwa zangu. Mdogo ameniuliza kama nimekuja na sindano. Nikamwambia ninazo nyingi. Amehamia kulala kwa mama yake, kwa hiyo nafasi imepatikana.


Jumatatu, tarehe 6

Hospitali. Foleni ya kuwasilisha vyeti imezunguka jengo. Taratibu akajipanga nyuma kabisa bila kunung'unika. Nikamwachia bahasha yangu, nikaenda kupeleleza. Kazi haipatikani kwenye foleni. Kazi inapatikana kwa kujua nani ni nani.

Nimeona mengi. Nimeona mashuka yameanikwa uani, mamia, yanapigwa na upepo. Nimeona daktari anakula karanga kwa siri nyuma ya tangi la maji. Nimejiuliza kwa nini kwa siri. Nikafika mlango wa wodi ya wanaume, nikachungulia.

Chumba kirefu, vitanda safu mbili. Matroni anapita. Mama mfupi, viatu vyeupe, hatembei kwa kishindo hata kidogo. Unashtukia yuko hapo. Anapita kitanda baada ya kitanda bila kusimama. Ila kitanda cha mwisho, cha dirishani, akasimama. Akasimama sana! Kuna mzee amelala pale, mguu umefungwa plasta. Matroni akainama, mzee akamnong'oneza, matroni akatikisa kichwa, kisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akamsogezea mzee pazia.

Kwa nini? Wodi nzima, kwa nini yule?

Nikamuuliza mama wa usafi. Akasema yule mzee hatembelewi na mtu, ila matroni husimama pale kila asubuhi, hakosi. Basi nikaelewa. Nikachungulia tena kuhakikisha. Pua ileile! Mzee ni baba yake matroni. Anaficha asije akaambiwa anapendelea.

Niliporudi dirisha la vyeti lilikuwa limefungwa. Taratibu alikuwa amewasilisha vyake na vyangu. Akaniambia aliuliza pale dirishani kama kuna nafasi nyingine, akaambiwa ipo moja ambayo haijaombwa na mtu: muuguzi wa kuwazungukia majumbani wagonjwa walioruhusiwa. Nilicheka. Nani anasomea uuguzi akapigwe na jua barabarani? Yeye hakucheka. Hajui mipango.


Jumanne, tarehe 7

Mpango ni huu. Namhudumia baba yake matroni kwa ustadi. Matroni anaona. Matroni anavutiwa. Ijumaa anaingia kwenye usaili moyo wake ukiwa tayari umelainika. Hata hivyo haifai anitambue mapema kama mwombaji kazi, ataona najipendekeza. Kwa hiyo nimeazima koti la shemeji, kofia ya shemeji na miwani ya jua ya dada. Nimevaa vyote nyuma ya tangi la maji, karibu na geti, mahali ambapo hakuna anayeweza kukuona.

Saa za kuona wagonjwa wanaingia ndugu tu. Mlinzi akauliza namwona nani. Nikasema babu yangu, kitanda cha dirishani. Uso ukamchangamka. Akasema afadhali, maana yule mzee amekaa kama hana kwao. Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo sana.

Nikamwendea mzee nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mjukuu wake. Akanitazama muda mrefu. Akaniuliza ni mtoto wa nani. Nikasema wa yule aliye mbali. Akafikiri. Akasema, "Aa, wa mbali. Karibu, kaa."

Rahisi! Umri umempokonya kumbukumbu, maskini. Nikaanza kazi. Shuka lake lilikuwa limejikunja, nikalivuta, nikapiga pembe zangu mbili za chini, kitanda kikatulia. Nikamkung'utia mto na kuurudisha, mdomo wa foronya ukiangalia mbali na mlango. Hilo sikulifikiria hata, mkono ulijifanyia. Mwalimu wetu chuoni alikuwa akiona mto unaoelekeza mdomo mlangoni anautupa nje, na wewe unaufuata.

Matroni akapita. Akautazama mto. Akanitazama mimi. Akautazama mto tena. Akaenda zake.

Ameingia kwenye mtego!


Jumatano, tarehe 8

Nimeenda na machungwa. Nimemgeuza mzee ubavu, nimemkanda visigino asipate vidonda vya kulalia, nimemchezesha vidole vya mguu uliofungwa. Muuguzi wa zamu akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia ni mapenzi tu kwa babu.

Mzee ana maneno. Kumbe alikuwa refa wa mpira miaka yake yote. Aliteleza bafuni akavunjika mguu, yeye aliyekimbia uwanjani na vijana bila kuteguka hata mara moja. Nikamuuliza swali, likazaa swali. Je, alishawahi kukosea? Mara nyingi. Alifanyaje akijua amekosea? Anapuliza filimbi kwa nguvu zaidi. Nilicheka mpaka miwani ya dada ikadondoka. Muda ukaisha bila kujua. Ukweli ni kwamba nilisahau kumtazama matroni kama ananitazama.

Nilipokumbuka, nikamtega mzee kiujanja. Nikamuuliza kama hana binti hapa mjini. Akasema yupo mama mmoja huja kila asubuhi kuulizia habari. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikasema, basi tu, mambo ya ukoo.

Ana tabia ya kutazama nje. Katikati ya mazungumzo anasema, kama anajisemea, "Yule wa mkoba mwekundu leo tena." Nikadhani ni uzee.

Nikitoka, nimekutana na Taratibu kwenye korido. Alikuja kuulizia chumba cha usaili kiko wapi. Amenitambua pale pale! Akaniuliza kama macho yananiuma, mbona nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kisha akachungulia wodini nilikotoka, akaniuliza mzee wangu anaendeleaje. Mzee wangu! Kajuaje? Huyu binti ananifuatilia. Wivu ni kitu kibaya.


Alhamisi, tarehe 9

Balaa.

Nimefika na machungwa yangu, nikamkuta mzee amekaa kitandani amevaa shati, magongo mawili ubavuni, mfuko wa dawa mapajani. Muuguzi wa zamu akaniambia kwa furaha kwamba babu ameruhusiwa. Nikasema hongera. Akasema asante, gari la wagonjwa halina nafasi, nikatafute teksi. Nikauliza nikatafutie nani. Akasema babu yangu.

Hapo ndipo nikaelewa.

Nikamtazama mzee. Mzee akasema anaishi peke yake, ngazi za nyumba yake hawezi kuzipanda kwa mguu huo, na mpwa wake wa kike anayeweza kumtunza atarudi kutoka safari Jumamosi. Akasema lakini hana wasiwasi, mjukuu wake yupo. Alilisema hilo mbele ya wodi nzima. Wagonjwa wakanitazama kwa upendo. Mmoja akasema vijana wa siku hizi wapo wenye utu bado.

Ningefanyaje? Nikikana, mimi ni mwongo aliyejipenyeza wodini siku moja kabla ya usaili. Nikikubali, nina mzee mzima wa kupeleka kwa dada ambaye hata mimi ananivumilia tu. Muuguzi akaniomba namba ya simu ya nyumbani, nikampa ya dada bila kufikiri. Nikachukua magongo.

Kwenye teksi jasho lilinitiririka. Mzee alikuwa anatazama nje na kuuliza kila kitu: lile jengo lilijengwa lini, yule anauza nini. Nikamwonea wivu.

Cha kushangaza, dada hakupiga kelele. Alikuwa amesimama mlangoni kabla hatujagonga. Akasema, "Karibu, baba." Kitanda changu kilishatandikwa shuka jipya. Kwa mzee! Mimi nimewekewa mkeka sebuleni. Nilikuwa nimeandaa uongo wa sehemu tatu, sehemu ya kwanza ilihusu moto wodini, wala sikupata nafasi ya kuutumia. Dada ana nini? Tangu lini ana huruma? Shemeji ndiye kabisa. Alipojua mgeni ni refa akamletea kiti, wakaanza kubishana juu ya penalti ya zamani iliyomnyima shemeji raha ya ujana wake. Mpwa wangu mdogo amerudi chumbani. Anasema babu huyu hana sindano.

Kesho ndiyo kesho. Taratibu amenipigia kuniambia nisome mambo ya kuzuia maambukizi. Nikamjibu nimeshasoma. Sijasoma. Nilimsaidia mzee kuoga bila kulowesha plasta, akaniimbia wimbo wa waamuzi, tukacheka.


Ijumaa, tarehe 10

Nimevaa shati langu mwenyewe. Hakuna kofia, hakuna miwani. Hatanitambua.

Meza ndefu. Afisa wa ajira, daktari (yule wa karanga!), na matroni katikati. Waliniuliza juu ya kunawa mikono, nikajibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Kumtazama Taratibu miaka yote ile kumenisaidia. Daktari akaniuliza juu ya mgonjwa anayekataa dawa. Nikajibu. Nikaanza kujisikia mtu.

Kisha afisa akauliza swali lao la kawaida: je, nina ndugu au mtu ninayefahamiana naye katika hospitali hii, awe mfanyakazi au mgonjwa? Nikajibu kwa sauti safi kwamba sina, ndiyo kwanza nimeingia mjini.

Matroni akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa.

"Na babu anaendeleaje?"

Nikauliza babu yupi. Sijui kwa nini niliuliza babu yupi. Akasema babu wa mbali.

Basi, mambo yakamwagika. Nilisema yote. Niliwaambia juu ya pazia, juu ya kusimama kila asubuhi, juu ya pua. Nilipofika kwenye pua daktari akaweka kichwa mezani. Nilidhani amezimia. Alikuwa anacheka. Afisa wa ajira alikuwa anaitazama pua ya matroni kwa mara ya kwanza, naona.

Matroni hakucheka. Alisema yule mzee si baba yake. Anasimama pale kila asubuhi kwa sababu dirisha lile linatazama geti la wafanyakazi. Mzee, kwa kuwa ni refa na halali alfajiri, humwambia nani amechelewa na amevaa nini. Dirisha hilohilo linatazama pia tangi la maji. Hapo daktari akaacha kucheka ghafla. Jumanne, alisema, yeye na mzee walinitazama nikihangaika na koti tangu mwanzo mpaka mwisho, hata niliponasa mkono kwenye bitana.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Akasema mzee alimweleza siku ileile kwamba hana mjukuu hata mmoja. Akamuuliza kama nifukuzwe. Mzee akasema niachwe kwanza, nitazamwe nataka nini. Naye matroni alikuwa ameshauona mto. Akasema ndugu wa mgonjwa haelekezi mdomo wa foronya mbali na mlango, hilo hulifanya muuguzi peke yake, kwa hiyo alijua mimi ni nani ila hakujua natafuta nini. Jana mzee alipochagua kwenda na mimi, yeye matroni alimpigia dada simu akamweleza kila kitu, na dada akasema mleteni.

Dada! Alijua!

Nikaambiwa nitoke. Kwenye benchi Taratibu alikuwa anasubiri zamu yake. Aliniona uso, akanipa kitambaa chake. Nilikaa pale nikaliona koti la baba mdogo, vifungo vyote, jina langu kifuani. Safari hii sikuwa na mpango wowote, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.


Jumamosi, tarehe 11

Mpwa wa mzee amefika kutoka safari, mama mchangamfu, anatushukuru mpaka tunaona haya. Mzee naye ameacha maagizo hapa nyumbani kama ndiye mwenye nyumba. Amemwamuru shemeji kumwomba dada msamaha kwa jambo ambalo hata mimi silijui. Shemeji ameomba.

Nilimsaidia mzee kuvaa kiatu cha mguu mzima. Nikamwambia pole kwa kumdanganya. Akanishika bega.

"Siku ya kwanza tu nilikuona umeotea," akasema. "Sikupuliza. Nilikuwa nimelala pale wiki nzima sijasemeshwa na mtu ila juu ya mkojo na wachelewaji. Wewe ukaja na maswali."

Nilifunga kamba ya kiatu, nikaifungua, nikaifunga tena. Nampenda yule mzee, na siandiki hivyo kwa mpango wowote.

Teksi ilipoondoka simu ya dada ikaita. Matroni. Nafasi ya wodi ya wanaume ameipata Taratibu. Nilijua. Nikaanza kumuuliza dada ratiba ya mabasi ya kurudi nyumbani, akaninyamazisha kwa kidole, akanipa simu. Matroni akasema ile nafasi ya kuwazungukia wagonjwa majumbani bado haijaombwa na mtu. Akasema inamtaka mtu anayejua kitanda, asiyechoka kuuliza, na anayeweza kuingia nyumba ya mtu asiyemjua akapewa kiti. Akasema mimi nimeshaanza kazi hiyo tangu Alhamisi, imebaki kuja kusaini. Kisha akaniambia nikija nimwache shemeji na koti lake.

Nimelia. Dada amelia. Baba, kwa simu, amesema alijua tu. Baba mdogo anauliza koti alifanyeje.


Ijumaa, tarehe 24

Wiki ya kwanza kazini imekwisha. Miguu inawaka, lakini nimeyaona mambo! Kila mlango ukifunguka unakuta jambo jipya. Refa wangu anatembea na gongo moja. Taratibu amesifiwa wodini mara mbili, na mimi nikampongeza kwa moyo safi kabisa. Nimejifunza. Najua sasa kwamba hila haina faida, mtu afanye kazi yake, mengine yatafuata. Nimemwambia Taratibu hivyo. Akasema amefurahi kusikia.

Ila leo nimeona kitu.

Kuna bibi kwenye orodha yangu, anakaa mtaa wa nyuma ya hospitali, anauguza nyonga. Nilikuwa nabadilisha shuka lake nikasikia gari. Nikachungulia. Mkurugenzi wa hospitali! Mkurugenzi mwenyewe, ameegesha mbele ya nyumba ya bibi, ameshuka, amemwinamia bibi dirishani na kumwamkia kwa heshima ya ajabu. Nikamuuliza bibi kama huja mara kwa mara. Akasema kila siku ya kazi, asubuhi na jioni.

Nimemweleza Taratibu. Anasema mkurugenzi anaegesha pale kwa sababu maegesho ya hospitali hujaa, kila mtu anajua. Ndiyo maana yeye ataishia wodini. Hana jicho. Angemtazama bibi kwa makini, kisha akamtazama mkurugenzi, angeona.

Kidevu kilekile!

Nimemsogeza bibi awe wa kwanza kwenye mzunguko wa Jumatatu, saa ya gari kufika. Machungwa nimeshanunua. Nimeuliza pia, kijanja tu, kama bibi ana wajukuu walio mbali. Anasema anao wengi, wengine hata sura zao hazikumbuki.